Kiingereza cha Zizi Tupu

Mwaka 1994 nilikuwa na miaka thelathini na saba, na hapo ndipo shida ilipoanza. Kabla ya hapo sikuwa na shida, nilikuwa na kazi. Nilikuwa msimamizi wa rola katika jineri ya ushirika hapa Bariadi. Asiyejua jineri nitamwambia: ni kiwanda cha kuchambulia pamba. Pamba inaingia na mbegu zake, nyuzi zinatoka huku, mbegu kule. Nilifanya kazi hiyo miaka kumi na minne. Shule niliishia darasa la nne, na nasema mapema ili mtu asije akanivumbua baadaye akaona amepata. Mashine haikuwahi kuniomba cheti.

Halafu likaja soko huria. Wanunuzi binafsi wakaingia vijijini na mizani yao, wakulima wakawauzia, ushirika ukabaki na maghala yanayonuka panya. Asubuhi moja tulikuta geti limefungwa kwa kufuli jipya. Tulisimama pale mpaka jua likawa kali. Hakuna aliyetoka kutuambia kitu, basi kila mtu akashika njia ya kwake.

Nyumbani tulikuwa na ng'ombe kumi na mmoja. Nataja idadi kwa sababu walikwisha; waliopo hawahesabiwi, kwetu ni mwiko. Baba yangu hakuhesabu ng'ombe hata siku moja. Jioni alisimama kwenye mlango wa zizi wanapoingia, mmoja mmoja, na akishaingia wa mwisho alisema, "Yule mwekundu wa paji jeupe hayupo." Hakuwahi kukosea. Nami nikajifunza hivyo hivyo. Ukihesabu unajua tu kwamba kuna pungufu. Ukitazama unajua ni nani.

Tuliuza mmoja, tukala. Tukauza mwingine, tukala. Alipoondoka wa mwisho, mke wangu alifunga mzigo, akawachukua watoto wetu watatu kwenda kwao Kalemela, kule ziwani. Sikumfukuza na hakunitoroka. Alisimama mlangoni akasema, "Baba watoto, hawa wakale samaki kwa bibi yao. Siku ukipata kazi, njoo utuchukue. Usije kabla."

"Na nikichelewa?"

"Nitakuwepo. Nikisema nitakuwepo, nitakuwepo."

Nilibaki na nyumba, baiskeli ya Kichina, gunia la michembe, vile viazi vya kukausha, na zizi tupu. Sikujua kwamba nyumba ikibaki na mtu mmoja hupiga kelele. Bati linalia, mlango unalia, panya wanasikika wakitafuna. Nilikuwa nikila nimesimama, kwa sababu ukiketi unaona viti vingine.

Mwaka wa pili zikaja habari kwamba jineri imepata mwenyewe, tajiri wa mbali, na kwamba itafunguliwa mwezi wa saba, msimu wa pamba. Wale wa zamani tungepewa nafasi kwanza. Lakini msimamizi wa mashine lazima ajue Kiingereza, kwa sababu maelekezo yote ni ya Kiingereza na mhandisi anayekuja hajui Kiswahili hata cha kuombea maji. Tangazo lilibandikwa getini mwezi wa pili. Wenzangu walisoma, wakacheka, wakaenda kulima choroko. Mimi nilihesabu miezi kwa vidole. Miezi haina mwiko.

Pale Dutwa alikuwepo mzee mmoja, mkufunzi mstaafu wa chuo cha ualimu. Macho yake yalikuwa yameingia mtoto wa jicho, anaona mwanga na kivuli basi. Mkewe alishakufa, na kisima kilikuwa mbali. Nilimwendea nikamwambia: mimi nitakuletea maji, madumu manne kila safari, wewe utanipa Kiingereza.

Akasema, "Cha kiasi gani?"

"Cha kusimamia mashine."

"Sina Kiingereza cha mashine. Vitabu vyangu vyote vimeliwa na mchwa. Kimebaki kimoja, na hicho kinahusu akili ya mtu inavyofanya kazi. Walimu walikuwa wanafundishwa hicho ili wajue kwa nini mtoto hasikii."

"Hicho hicho," nikasema. "Mwenye njaa hachagui fungu la nyama."

"Na kichwa chenyewe kikoje?"

"Kikubwa."

"Hata ghala la ushirika ni kubwa."

Hivyo ndivyo nilivyojifunza Kiingereza kwa kuanzia mahali ambapo wengine humalizia. Mtoto wa shule huanza na kikombe na dirisha. Mimi nilianza na *consciousness*. Niliweza kusema kwamba fahamu ya mtu ni kitu gani kabla sijajua kijiko kinaitwaje, na kijiko chenyewe nilikuja kukijua miaka mitatu baadaye.

Kazi ilikuwa hivi. Yeye haoni, mimi sijui kusoma Kiingereza. Nilifungua kitabu, nikaweka kidole kwenye neno, nikamtajia herufi moja moja kwa sauti, naye aliinamisha kichwa kama kuku anayesikiliza mwewe. Nikimaliza analitamka, ananieleza maana, ananifokea, tunakwenda lingine. Maneno saba kwa safari moja ya maji. Nilimwomba kumi, akakataa.

"Soma hapo hapo juu," akasema. "Neno lile la jana."

Nikataja herufi. Lilikuwa *attention*.

"Hilo ndilo kitabu chote. Maana yake, akili haichukui vitu vyote kwa pamoja. Inachukua kimoja, vingine inaviacha vipite. Watu wawili wakisema nawe kwa wakati mmoja, mmoja utamsikia, mwingine atakuwa upepo."

"Kama mlango wa zizi," nikasema. "Ng'ombe hawapiti wawili."

"Nimefundisha miaka ishirini na nane," akasema, "na sijawahi kusema hivyo. Haya, chemsha chai."

Tulicheka siku ile kuhusu huyo mtu wa upepo. Mzee alisema ni wanaume wote na wake zao. Nilicheka mpaka nikamwaga majani ya chai.

Nilirudi nyumbani na wazo langu mwenyewe, si la kitabu. Kila neno nililipa ng'ombe. *Attention* nilimpa yule mweusi mwenye doa ubavuni, aliyekuwa akitangulia wenzake. *Memory*, kumbukumbu, nilimpa jike mzee wa pembe zilizolala. *Habit*, mazoea, ni yule aliyekuwa akisimama kila siku kwenye mti ule ule kujikuna. Ng'ombe kumi na mmoja hawakutosha, nikaanza kuwaita wa baba, kisha wa babu niliosimuliwa tu. Jioni, jua likielekea kuzama, nilisimama kwenye mlango wa zizi tupu nikawa nayaita maneno yaingie. Nilifumba macho. Neno likija pamoja na ng'ombe wake na maana yake, limeingia. Ng'ombe akija peke yake, najua neno gani limebaki porini, na kesho nalitafuta.

Majirani walinisikia. Mama mmoja jirani alikuja akasimama nje ya ua, akanisalimu kwa Kisukuma. "Mwadila, baba."

"Mwadila, mayu."

"Unaongea na nani humo?"

"Na ng'ombe."

"Ng'ombe gani?"

"Wa Kiingereza."

Akaondoka. Tangu siku hiyo walipunguza kupita kwangu. Walisema upweke umenila kichwa, wengine wakasema ni mkono wa mtu. Ukweli ni kwamba saa ile ya jioni ndiyo pekee niliyokuwa siisikii nyumba ikilia. Nilikuwa na kundi. Mtu asiyewahi kuwa na kundi akalikosa hawezi kuelewa, na mimi sina muda wa kumwelewesha.

Mwezi wa tano ulipofika nilikuwa sifanyi kingine. Nililima huku natamka, nikaendesha baiskeli natamka. Kulikuwa na neno moja lililonisumbua siku tatu, *perception*, yaani akili inavyopokea kile macho na masikio yanacholetea, halikutaka kuingia zizini kabisa. Siku ya tatu ilikuwa siku ya mnada Dutwa. Nilikuwa napita katikati ya watu na baiskeli na madumu yangu, naliswaga neno langu. Mchuuzi mmoja wa dagaa alinisimamisha. Alishika usukani wa baiskeli, akasema nami. Nilimwona mdomo unakwenda. Nikasikia "ngosha", hilo nakumbuka, ndivyo tunavyoitana wanaume. Alipomaliza nikamjibu, "Yes," nikaondoka. Msomaji amshike mtu huyu. Mimi sikumshika. Jioni ile ile neno liliingia zizini, nikafurahi kama mtu aliyepata ndama.

Usaili ulikuwa mwisho wa mwezi wa sita. Tulifika watu tisa, wengine vijana wa kidato cha nne wenye soksi. Mhandisi alikuwa mtu mrefu mwenye kofia, amesimama na karani wa kutafsiri endapo tutashindwa. Vijana waliulizwa, wakajibu vizuri, Kiingereza chao kikinyooka. Nilipofika mimi, akaonyesha ndoo akauliza hiki ni nini kwa Kiingereza. Sikujua. Akaonyesha ngazi. Sikujua. Ufagio, vilevile. Karani akaanza kuandika kitu kwenye karatasi.

Mashine moja ilikuwa imewashwa kwa majaribio. Nikaisikia. Ndani ya kelele ile yote kulikuwa na mlio mdogo, mwembamba, upande wa kushoto, kama mtoto anayelia nyumba ya tatu. Nikamwambia mhandisi, na maneno haya sijayasahau: "Sir, you have habit of this noise. I have attention. That bearing is dying." Yaani yeye ameizoea kelele, mimi naisikiliza, na beringi ile inakufa.

Akanitazama. Akaniambia nirudie. Nikarudia, nikamwongezea na *perception*, kwa kuwa nilikuwa nayo. Akacheka sana, lakini akazima mashine, akafungua upande wa kushoto, akaweka mkono, akautoa haraka. Beringi ilikuwa ya moto. Akamwambia karani, na karani akanitafsiria ingawa nilishaelewa: "Anasema uanze Jumatatu. Anasema pia hajui Kiingereza chako umekitoa wapi, usije ukakibadilisha."

Sikwenda nyumbani. Nilipakia baiskeli juu ya basi mpaka Nyashimo, na kutoka pale nikaendesha hadi Kalemela. Nilikuwa na sukari kilo mbili, sabuni, na kanga ya mke wangu. Njia nzima nilikuwa natengeneza maneno ya kuingilia.

Sasa hapa lazima nieleze jambo, kwa sababu si kila msomaji ni wa kwetu. Kwetu mwanamume hamtazami mama mkwe. Ukimwona njiani unaacha njia. Ukifika nyumbani kwake unaipa mgongo nyumba yake, unaketi ukitazama upande mwingine, na yeye vilevile anajificha. Si chuki, ni heshima, na mimi nilikuwa na heshima hiyo kuliko wengi. Kwa hiyo nilipoingia ule mji wao niliinamisha macho tangu kwenye ukingo wa shamba. Nilitazama gurudumu la mbele tu. Nikaegemeza baiskeli, nikaketi kwenye kigoda nimeipa mgongo nyumba ya mama mkwe, kama inavyotakiwa.

Mke wangu alileta maji, akapiga goti, tukasalimiana. Alikuwa amejifunga kitenge kichwani. Watoto walikuja, wamekua. Nikaanza kusema. Nilisema juu ya jineri, juu ya mhandisi, juu ya beringi. Nilisema juu ya nyumba ya kiwanda tutakayopewa, yenye sakafu ya saruji. Niliwatajia watoto maneno, mkubwa akacheka, akasema, "Baba anaongea kama redio." Nikamtajia mengine. Jua lilihama kutoka magotini mpaka miguuni.

Mke wangu alikuwa ameketi kwenye mkeka, mikono mapajani. Akasema, "Umemaliza?"

"Bado kidogo."

"Maliza."

Nikamaliza.

"Hujauliza habari za mji huu," akasema.

"Habari za hapa?"

"Mama amekufa."

Alifungua kitenge. Kichwa kilikuwa kimenyolewa, nywele zimeanza kuota fupi, za mwezi mmoja. "Umepita na baiskeli yako hatua tatu kutoka kaburini," akasema. "Udongo bado ni mwekundu."

Nikasema sikuambiwa.

"Nilimtuma mchuuzi wa dagaa anayekwenda mnada wa Dutwa. Mtu anayekujua. Alisema alikushika usukani, akakuambia, mama mkwe wako amefariki, mazishi kesho, wanakungoja. Alirudi hapa akasema, amenijibu *yes*, anakuja. Baba, tulikaa na mwili bila kuuzika mpaka saa kumi. Wajomba wakasema zika, mimi nikasema ngojeni, amesema ndiyo."

Ndipo mchuuzi yule aliponirudia mzima mzima. Mkono kwenye usukani. Harufu ya dagaa. Mdomo unakwenda, na sasa nasikia kila neno, mwezi mzima baada ya kusemwa. Maneno yalikuwa yamefika. Yalifika mlangoni yakakuta mlango una neno lingine, yakapita pembeni kama upepo.

Nilitaka kumweleza hilo. Nilianza kabisa, "Unajua, akili ya mtu..."

"Usinifundishe," akasema.

Halafu akasema jambo ambalo nimeishi nalo. Alisema, "Wewe ni mtu ambaye ng'ombe mmoja akikosekana katika kundi unajua kabla vumbi halijatulia. Umekaa hapa tangu mchana. Hujaona kwamba humu pamepungua mtu."

Ningeweza kumjibu kwamba ni heshima, kwamba sikutazama kwa sababu sikutakiwa kutazama. Alijua. Hakuna mwanamke wa kwetu asiyejua. Lakini alijua pia kwamba masikio hayana mwiko, na kwamba tangu nimeketi sikusikia kile kikohozi cha mama yake kilichokuwa kikisikika mpaka shambani, na sikuuliza. Kanga ilibaki kwenye karatasi yake.

Wazee wa Kalemela walinitoza ng'ombe dume kwa kukosa kuzika. Nililipa msimu uliofuata, wakasamehe, tukala pamoja. Mke wangu hakusamehe. Hakugomba, hakunisema kwa watu. Watoto aliniletea mmoja mmoja walipofikia umri wa kusoma sekondari Bariadi, akawaleta mwenyewe, akanywa maji, akapanda basi. Nilimwuliza mara tatu, miaka tofauti, kama atarudi. Mara ya tatu alisema, "Nilisema nitakuwepo, na nipo. Lakini sikusema wapi." Sikumwuliza tena.

Mkufunzi wangu nilimwendea wiki ile ile, na madumu yangu. Nilimsimulia yote. Hakuninanga, na yeye alikuwa mtu wa kunanga. Alisema tu, "Ulinisomea mwenyewe, herufi kwa herufi."

"Nilikusomea."

"Na tukacheka."

"Tukacheka."

Kisha akanipa kitabu. Nilikataa, akasema yeye ni kipofu, atakifanyia nini, apikie? Niliendelea kumletea maji mpaka alipokufa, na alipokufa nilikuwa wa kwanza kufika, kabla hata ya ndugu zake, kwa sababu siku hizo mtu akinisimamisha barabarani nilikuwa nashuka kwenye baiskeli.

Jineri niliitumikia miaka kumi na sita chini ya matajiri watatu. Kila mhandisi aliyekuja alinicheka kwanza, kisha akaniita mashine ikiumwa. Nyumba ya kiwanda niliishi peke yangu. Sakafu ya saruji ilikuwa nzuri, na ilipiga kelele kuliko ya udongo.

Kila mwaka, pamba ikishauzwa, nakwenda Kalemela. Naketi kaburini kwa mama mkwe. Pale ndipo nilipomtazama mara ya kwanza, maana mwiko umekwisha. Naketi saa moja bila kusema kitu. Mama watoto huniona kutoka jikoni, huniletea maji, huyaweka kwenye nyasi na kurudi. Ni mengi, hayo maji. Siyadharau.

Sasa nina miaka mingi kuliko baba yangu alivyofikia. Watu hupenda kujua mzee ana nini, na mimi siyo mtu wa kuficha. Nina hivi:

Nyumba ya tofali za kuchoma, vyumba vinne, bati jipya.
Shamba la pamba na mahindi, ekari tisa, upande wa Dutwa.
Mashine ya kusaga, inafanya kazi. Naisikiliza mwenyewe.
Baiskeli mbili, ile ya Kichina ikiwemo.
Watoto watatu, wote wamesoma kunizidi.
Ng'ombe. Wapo wote.
Kitabu kimoja cha Kiingereza, hakina jalada.
Kanga moja mpya, ya zamani.
Redio moja, ambayo naizima mtu akipiga hodi.